Mliosoma barua ya Garak, fundi cherehani wa Deep Space Nine, njooni hapa: mwongo akikiri kwa maandishi, tumwamini?

Mtoto wa Mawe (mleta mada)

Wakuu, wakubwa shikamooni, rika langu mambo vipi.

Niko Mabatini, Mwanza. Saa hizi ni saa nane usiku na sijalala, kitabu kimeninyima usingizi. Nilikikuta mwezi uliopita kwenye meza ya vitabu vya mitumba mjini, kimebanwa kati ya kitabu cha hesabu na Biblia ya watoto, jalada limeachia upande wa mgongo. Kinaitwa A Stitch in Time, mwandishi ni Andrew J. Robinson, kilitoka mwaka 2000. Muuzaji alikiweka pamoja na vitabu vya ufundi kwa sababu aliambiwa jina lake lina habari ya mshono. Alitaka elfu tano, tukamalizana kwa elfu tatu.

Kwa wasioijua asili yake: ni riwaya ya kisayansi iliyotokana na tamthilia ya Star Trek: Deep Space Nine, iliyorushwa Marekani kwa misimu saba, 1993 hadi 1999. Kisa kinatokea kwenye kituo cha anga jirani na sayari ya Bajor. Kituo kilijengwa na Wakadasia, waliokuwa wameikalia Bajor kwa mabavu takriban miaka 50, wakawafanyisha wenyeji kazi za shuruti, kisha wakafungasha wakaondoka. Akabaki Mkadasia mmoja tu, Garak. Ana duka la kushona nguo. Anasalimia kila anayepita, anatabasamu, anasema yeye ni fundi wa kawaida asiye na makuu. Kituo kizima kinaamini alikuwa jasusi, lakini kila ukimuuliza anakupa hadithi mpya, na kila hadithi inaingia akilini.

Sasa sikilizeni hili. Aliyeandika kitabu ndiye huyo huyo aliyemwigiza Garak. Alianza kwa kumwandikia mhusika wake shajara, akawa anawasomea mashabiki kwenye mikusanyiko yao, ikakua mpaka ikawa riwaya. Riwaya yote ni barua. Vita vimekwisha, Cardassia imebaki kifusi, watu zaidi ya milioni 800 wameuawa, na Garak amerudi kwao. Anakaa kwenye kibanda kilichobaki penye nyumba ya Enabran Tain, bosi wake wa zamani wa ujasusi, na anamwandikia rafiki yake Dk. Julian Bashir aliyebaki kituoni. (Bashir ndiye yule anayeigizwa na Alexander Siddig, mzaliwa wa Sudan.) Anamsimulia utoto wake, siku za mwisho za vita, na maisha ya sasa kwenye mabaki, vyote vinasukwa pamoja.

Mimi vitabu vya tamthilia nilikuwa naviona viporo: watu wameshakula, wewe unapashiwa. Hiki kimenibadilisha, na kilichonibadilisha ni mtu mmoja anaitwa Parmak. Walioangalia tamthilia watakumbuka Tain akiwa na Garak melini, wanakumbushana ya zamani kwa furaha, Tain anamtaja Dk. Parmak: namna Garak alivyomkazia macho kwa muda wa saa nne bila kumgusa hadi mtu akavunjika akakiri. Linatajwa mara moja, mazungumzo yanaendelea. Riwaya inalichukua jina hilo na kumleta mwenyewe. Parmak yuko hai, ni daktari, anahangaika na majeruhi kwenye kifusi, na Garak inabidi afanye naye kazi bega kwa bega. Parmak hataki kumtazama machoni. Nilipofika hapo nilikifunga kitabu nikatoka nje kidogo.

Halafu kuna mawe. Garak anakusanya vipande vya nyumba ya Tain, anavipanga kimoja juu ya kingine pasipo ramani, na bila yeye kukusudia watu wanaanza kuja hapo kuomboleza wafu wao. Sisi watu wa Mwanza, tunaozaliwa juu ya mawe na kujenga juu ya mawe, naomba mtu aniambie kama aliisoma sehemu hiyo akabaki salama.

Msimamo wangu ni kwamba kwenye skrini Garak anatudanganya na sisi tunafurahi, kwa sababu tunaona uso wake. Kwenye barua hana uso, ana mkono tu. Naamini anasema kweli kwa mara ya kwanza. Wangapi mnakubali, na anayekataa anieleze. Nawasilisha.

Kijana wa Nyegezi

Mkuu, mimi nimeangalia misimu yote saba, nilijaziwa kwenye flashi na jamaa wa duka la muvi karibu na chuo. Kitabu sijakiona hata kwa macho. Garak ndiye niliyekuwa namsubiri kila episodi, na hakuwa hata mhusika mkuu, anakuja anapotea wiki kadhaa. Naomba wanaofichua mambo ya ndani watoe tahadhari kwanza. Ila hapo kwa Parmak umeshaniua, nakumbuka kabisa yale maneno ya Tain.

Mwalimu wa Kisesa

Mleta mada, hongera kwa kuleta mjadala wenye uzito. Nafundisha fasihi sekondari, na kitabu hiki nimekisoma mara mbili. Nakipenda, lakini nina ugomvi nacho, na nitausema wote. Tahadhari kwa kijana wa Nyegezi: ruka.

Rudini kwenye episodi inayoitwa The Wire, ya mwaka 1994. Garak anaumwa, kifaa kilichopachikwa kichwani kinamuua polepole. Bashir anamuuliza kwa nini alifukuzwa kwao. Anampa sababu tatu, moja baada ya nyingine, na kila moja inaiangusha iliyotangulia. Katika zote kuna mtu anaitwa Elim: mara ni msaidizi wake aliyekufa, mara ni rafiki aliyemsaliti. Mwisho Tain anamfichulia daktari kwamba Elim ni jina la kwanza la Garak mwenyewe. Kwa hiyo mtu aliyemuua, mtu aliyemsaliti, mtu aliyesalitiwa, wote ni yeye. Nimefundisha miaka mingi na sijaona namna nzuri zaidi ya kueleza mtu anayejichukia. Na sababu ya kufukuzwa hatukuambiwa. Ilikuwa sawa kabisa tusiambiwe.

Riwaya inakuja kutuambia. Kuna Palandine, msichana aliyempenda shuleni Bamarren, kuna mumewe Barkan Lokar, kuna mapenzi ya siri, kuna damu. Ni kisa kizuri, lakini ni kisa kimoja. Fumbo lililokuwa pana kama ziwa limefanywa kisima. Na huyo Palandine, dada zangu mtanisaidia, mimi sikumwona kama mtu kamili. Ni dirisha ambalo Garak anachungulia kupitia humo, basi. Mwandishi alimjua Garak kwa miaka saba mwilini mwake, wengine hakuwajua hivyo, na inaonekana.

Nachokubaliana nacho bila kupinga ni sehemu ya shule. Watoto wanafika Bamarren wananyang'anywa majina, wanapewa kundi na namba. Elim anakuwa Kumi wa Lubak. Anapelekwa nyikani, anakutana na mjusi mdogo anayejibadilisha rangi hadi haonekani, anamwita Mila, jina la mama yake, na kutoka kwa huyo mjusi anajifunza kutoonekana. Ukurasa huo peke yake unaeleza jasusi ametengenezwaje.

Mtoto wa Mawe (mleta mada)

Mwalimu, shikamoo. Nimekusoma na nimekaa nayo siku nzima kazini.

Wahenga walisema fumbo mfumbie mjinga, mwerevu huligangua. Umesema riwaya imetuambia sababu. Nani ametuambia? Garak. Yule yule aliyempa Bashir hadithi tatu akiwa kitandani anakufa. Safari hii ametoa ya nne, ndefu kuliko zote, ina majina na harufu za maua. Mwandishi hajaingia popote kusema hii ndiyo yenyewe. Kwa hiyo fumbo liko pale pale, ila sasa ni letu sisi wasomaji.

Nakiri hapo nimejipinga mwenyewe, maana juu nilisema naamini anasema kweli. Bado naamini. Ila siiamini kwa sababu ya Palandine. Naiamini kwa sababu ya mambo ambayo hayamsaidii: jinsi alivyofurahia kumvunja Parmak, jinsi alivyotamani Tain amsifu. Mtu akidanganya hujitengenezea sura. Huyu anaibomoa.

Msomaji Kimya

Naunga mkono hoja ya mwalimu kuhusu Palandine. Nimepita.

Fundi wa Makoroboi

Habari zenu. Nimetumiwa uzi huu na mteja wangu akisema "fundi, wanakuzungumzia huku". Mimi ni fundi cherehani kweli, nina mwaka wa kumi na tisa Makoroboi, cherehani yangu ni ya miguu. Tamthilia nimeiangalia nusu, kitabu sijasoma, Kiingereza changu ni cha kuunga unga. Lakini naomba niseme kuhusu fundi.

Mwandishi aliyemchagulia jasusi kazi ya ushonaji alikuwa na akili, au aliwahi kukaa sana na fundi. Mteja akija kwangu namwambia nyoosha mikono. Akinyoosha nimpime kifua, hawezi kuendelea kujikaza. Hapo ndipo watu husema. Najua mwanamke anakonda kabla hajamwambia dada yake, maana futi inaniambia. Najua kijana ameanza kubeba mizigo, bega moja limeshuka na mkono wa shati unatakiwa uwe mrefu upande huo. Najua mume na mke wamegombana wanapokuja kuchukua nguo za harusi ya mtu mwingine na kila mmoja anakuja siku yake. Sijawahi kuuliza swali hata moja. Fundi anayeuliza hupoteza wateja.

Sasa mleta mada ameeleza kuwa kitabu ni barua ya mtu anayerudi nyuma kwenye maisha yake. Kwa sisi mafundi kazi hiyo si kushona, ni kufumua. Mteja anakuletea koti la marehemu baba yake, anataka limkae yeye. Huwezi kuanza kukata. Unachukua wembe, unafungua mshono mmoja mmoja, polepole, unatoa nyuzi kwa kucha. Ukishafumua, kitambaa unakiona kilivyokuwa mwanzo: ndani rangi bado ni mbichi, nje imefifia. Na kuna matundu. Pale sindano ya fundi wa kwanza ilipopita, matundu yamejipanga kama siafu. Unalowesha kitambaa, unapiga pasi ya moto, yanafifia. Ukilipeleka kwenye jua, bado yapo. Mteja mwerevu utamwambia ukweli, kwamba koti litakukaa vizuri, lakini mshono wa zamani utaonekana ukisogea karibu.

Huyo daktari Parmak nadhani ndiye jua.

Nauliza tu: kwenye kitabu duka lake limeelezwa? Anashona nini? Anatumia vitambaa gani?

Mtoto wa Mawe (mleta mada)

Fundi, sijui nikujibu nini, nimesoma maelezo yako ya koti mara tatu na nimemsomea mke wangu kwa sauti.

Duka lipo, ila kwa kiu yangu mimi ni dogo. Nilitaka kurasa za Garak akiwa peke yake na kitambaa usiku. Kitabu kina haraka ya kurudi kwenye siri na vita. Kama kuna jambo ningemlaumu mwandishi kwalo ni hilo, na sasa baada ya kukusoma wewe namlaumu zaidi.

Kuna jingine la jina la kitabu. Kwa Kiingereza ni nusu ya methali yao kuhusu kuwahi mshono kabla nguo haijachanika zaidi. Sisi methali yetu ya jambo hilo hilo haimo kwenye nguo, imo kwenye nyumba: usipoziba ufa utajenga ukuta. Na Garak mwishoni anafanya nini? Anapanga mawe ya nyumba iliyoanguka! Niliposoma nikijua methali yetu, niliona kitabu kama kimeandikiwa watu wa huku. Nyufa za Cardassia zilikuwepo tangu akiwa mtoto anaitwa kwa namba, na hakuna aliyeziba.

Bint Nansio

Nauliza jambo, na naomba msinijibu kwa haraka.

Mnamlilia Garak, mimi nawasoma tu. Hakuna hata mmoja aliyeuliza kuhusu Bajor isipokuwa mistari miwili ya utangulizi. Sayari iliyokaliwa miaka 50. Watu waliofanyishwa kazi hadi kufa ndani ya kituo kile kile ambacho baadaye Garak anafungua duka. Meja Kira, Mbajora aliyepigana msituni tangu utotoni, anapita mbele ya duka hilo kila asubuhi akienda kazini.

Sasa angalieni mnaposomea. Shukeni hadi ufukweni karibu na kivuko cha Kamanga, mtaona jiwe letu maarufu majini, na jina lake ni Bismarck. Jina la Chansela wa Ujerumani aliyewaita wenzake Berlin mwaka 1884 kugawana nchi za watu. Mpaka leo ndilo linalochapwa kwenye kadi za watalii. Sisi kwenye hadithi hii si Cardassia. Sisi ni Bajor. Na Mbajora akipewa barua ndefu, tamu, ya afisa wa ujasusi wa wale waliomtawala, kuhusu utoto wake na maua ya mlezi wake, ana wajibu gani wa kusoma hadi mwisho?

Nimekisoma kitabu, sikusimuliwa. Nimekisikiliza pia, toleo la sauti lililotoka 2023 ambalo Robinson mwenyewe anasoma, na sauti yake ni ya kumtoa nyoka pangoni. Nimelia kwa Tolan, mlezi mtunza bustani aliyemfundisha kuotesha maua makaburini. Lakini nililia nikiwa na hasira. Nilitamani Wabajora wapewe nafasi walau nusu ya waliyopewa maua.

Kwetu Ukerewe kuna mzee aliandika habari za watu wake mwenyewe, Aniceti Kitereza. Alimaliza kuandika Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka kwa Kikerewe mwaka 1945, akakosa mchapishaji, akaitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, ikachapishwa Dar es Salaam 1980. Mwaka uliofuata akafariki. Miaka thelathini na mitano kitabu kinasubiri. Ndiyo maana nikiona barua ya Mkadasia inafika haraka na kupendwa, najiuliza barua ya Mbajora iko sandukuni kwa nani.

Mwalimu wa Kisesa

Dada wa Nansio, umeniweka chini. Nilikuwa nimejiandaa kubishana kuhusu Palandine na umenionyesha kwamba nilikuwa napima chumvi wakati chungu kinaungua.

Sitakupinga. Nitaongeza tu kitu ambacho pengine kinasaidia kuona barua hii ni ya namna gani. Kwenye tamthilia, Garak anampa Bashir riwaya moja ya Kikadasia anayoitukuza. Vizazi saba vya familia, kila kizazi kinaishi kwa kuitumikia dola, kinazeeka, kinakufa, kinachofuata kinarudia. Bashir anaiona inachosha. Garak anasema huo ndio utanzu bora kuliko zote walionao. Yaani mtu huyu amelelewa na fasihi ambayo ndani yake hakuna neno "mimi". Sasa kwenye kifusi anaandika kurasa mamia zinazoanza na "mimi". Kwa mtu wa kwao huo ni uasi, na nadhani ndio uasi pekee aliobakiwa nao. Haumlipi Mbajora chochote. Hapo uko sahihi na utabaki sahihi.

Pia kuna Shakespeare. Mwaka 1995, Bashir anampa Garak tamthiliya ya Julius Caesar. Garak anaidharau: mtawala gani asiyeona njama iliyo wazi hivyo? Muda si mrefu Tain anaingia mtegoni mbele ya macho yake, na Garak anamrudishia maneno ya Kasio, kwamba kosa haliko kwenye nyota bali ndani yetu. Tamthiliya hiyo Mwalimu Nyerere, jirani yetu wa Butiama, aliitafsiri na kuitoa 1963, kisha akairudia kwa jina la Juliasi Kaizari mwaka 1969. Kiongozi wa nchi changa, na kati ya vitabu vyote duniani akachagua kimojawapo kinachohusu mtawala anayeuawa na marafiki. Wanafunzi wangu huwa wananiuliza kwa nini, nami huwaambia waisome kwanza.

Kijana wa Nyegezi

Nimeshindwa, nimesoma kila kitu pamoja na yaliyofichuliwa.

Dada Nansio, kuna kitabu cha Kiswahili nilisoma nikiwa kidato cha tano, Walenisi, cha Katama Mkangi wa Kenya, 1995. Shujaa anaitwa Dzombo, anahukumiwa kifo kwa kurushwa na chombo angani, anakiendesha hadi anafika nchi ya Walenisi. Ukilikata jina unapata "wale ni sisi". Nilipomaliza kuangalia Deep Space Nine nilijiuliza wale ni nani. Nikiwa mdogo nilijiona Bajor kama wewe. Siku hizi nikiona tunavyowatendea wengine, kwa mfano wenzetu wenye ualbino huku kanda ya ziwa, walivyowindwa na kukatwa viungo, na majirani wakajua wakanyamaza, nashindwa kusema sisi ni Bajor tu. Kuna Wakadasia wanaolala mtaa wetu. Sikulazimishi ukubali.

Bint Nansio

Sijakasirika, kaka. Hilo la ualbino umelisema mahali pake. Nitalifikiria. Swali langu la Bajor bado lipo mezani lakini.

Mama Igoma

Wanangu, habari za usiku. Mimi si msomaji wa mambo ya sayari. Mjukuu wangu ndiye aliyenisomea hapa, nikamwambia niandikie.

Huyo aliyesema habari za mawe. Tarehe 21 Mei 1996 dada yangu alikuwa ndani ya MV Bukoba. Alikuwa anakuja Mwanza na mikungu ya ndizi, mmoja ulikuwa wangu. Meli ilizama asubuhi, ikiwa imekaribia kufika. Tulikwenda uwanjani Nyamagana kutambua miili. Siku ya kwanza nikaenda, siku ya pili nikaenda, siku ya tatu mume wangu akanizuia. Hatukumpata. Huku Igoma kuna makaburi ya watu wa meli ile, wengi wamelazwa bila majina. Nimeishi karibu nayo miaka yote hii. Sijui kama yumo.

Mwaka ule ule nilikwenda Bwiru, nikaokota jiwe kwenye maji, ukubwa wa andazi, jeusi upande mmoja. Nililiweka dirishani jikoni. Sikumwambia mtu ni la nini. Watoto wangu walipokua walidhani ni la kuzuia pazia lisipeperuke. Jirani yangu mmoja, Muhaya, naye alipoteza mtu. Siku moja akaja kuomba chumvi, akaliona, akalishika, akalirudisha. Kesho yake akaleta lake akaliweka pembeni. Hatukuzungumza. Yapo mpaka leo, sasa ni matano.

Ndiyo maana niliposomewa kuhusu mtu anayepanga mawe na watu wanakuja wenyewe, nilimwambia mjukuu arudie. Aliyeandika hilo anajua msiba usio na kaburi. Hayo ya kama yeye ni mwongo, sijui. Binti wa Nansio ana haki ya kuuliza. Mimi naomba kujua kitu kimoja tu: kwenye kitabu, wale waliokuja kwenye mawe yake, walijua zamani alikuwa nani?

Mtoto wa Mawe (mleta mada)

Mama, shikamoo. Pole sana, mama yangu. Nimechelewa kukujibu kwa sababu nilirudi kwenye kitabu kutafuta jibu, nisije nikakujibu kwa kumbukumbu.

Parmak anamjua vizuri kuliko mtu yeyote. Anajua yale macho. Na bado ndiye anayekuwa karibu naye. Hamwambii amemsamehe kwa namna ambayo sisi tungetarajia kwenye tamthilia, na muziki chini yake. Anaendelea kuja. Kuna majeruhi, kuna kazi, anakuja. Baada ya muda anaanza kumtazama.

Bint Nansio, nilianzisha uzi nikiuliza kama tumwamini. Baada ya kusoma yako naona Garak anaweza kuwa anasema kweli yote na bado akawa hajamwandikia anayepaswa kuandikiwa. Barua ameituma kwa rafiki, kwa mtu atakayeipokea vizuri. Kwa Kira hakutuma. Sikuliona hilo kabisa, na nilikuwa nimekisoma mpaka saa nane usiku.

Bint Nansio

Hapo kwa Kira ndipo nilipotaka mfike. Asante.

Mama Igoma, shikamoo mama. Nyumbani kwetu ni ng'ambo ya maji kutoka Ukara. Septemba 2018, MV Nyerere. Nikija Mwanza nitakuletea jiwe, ukiniruhusu.

Mama Igoma

Marahaba mwanangu. Lete.

Fundi wa Makoroboi

Mleta mada, ulisema jalada limeachia mgongoni. Usilibandike gundi, gundi ikikauka inavunja kurasa. Kilete kibandani, nina turubai nyembamba na uzi wa viatu, nitakishonea mgongo kwa mkono. Bei hakuna. Nitakiangalia kidogo kabla ya kukurudishia, mwanangu wa kidato cha tatu atanisaidia maneno.

Mtoto wa Mawe (mleta mada)

Fundi, nakuja Jumamosi saa nne. Ukimaliza usinirudishie mimi. Mama Igoma, mjukuu anaweza kukusomea Kiingereza huku anakutafsiria? Nimeweka karatasi kwenye kurasa zote za mawe.

Mama Igoma

Anaweza, akikwama tutampigia mwalimu wa Kisesa. Kiacheni kwa fundi, Jumatatu napita hapo nikitoka sokoni.